Kinyonga Shambani na Haki ya Aliye Chini ya Mto



Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo, kwa mtazamo wa haraka, mtu angedhani ni la maofisa wa kilimo peke yao: upimaji wa maji ya kumwagilia mashamba kwa vyombo vya kidijitali. Jambo hili limeenea midomoni mwa watu. Panapotajwa skimu za umwagiliaji siku hizi, husemwa habari za vihisi vinavyozikwa ardhini, za setelaiti zinazoyatazama mashamba kutoka angani, na za simu ya kiganjani inayomwambia mkulima leo afungulie maji na kesho aache. Na aghalabu huongezwa ahadi moja, kwamba maji yatakayookolewa shambani yatarudi mtoni. Vyombo vyenyewe ni vya kweli na faida yake tutaieleza. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo tunayotaka kuipima, kwa kuwa wako watu na viumbe wengi walioko chini ya mto ambao wameambiwa wasubiri juu yake.

Kilimo huchukua takriban asilimia 70 ya maji yasiyo ya chumvi yanayochotwa na wanadamu duniani kutoka mitoni, maziwani na chini ya ardhi. Kwa hiyo anayetafuta mahali pa kupunguza matumizi, hana budi kuanzia shambani. Hilo halina mjadala.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tuchukue mto mmoja. Ruaha Mkuu hukusanya maji yake katika milima ya Kusini Magharibi mwa Tanzania, ukashuka kwenye uwanda wa Usangu wilayani Mbarali, ukatandaa katika ardhioevu ya Ihefu, kisha ukatokea mahali paitwapo Ng'iriama na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kutoka hapo huendelea hadi bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwishowe maji yake huungana na Rufiji, ambako leo limesimama Bwawa la Julius Nyerere. Tangu miaka ya 1993 na 1994, sehemu ya mto huu ipitayo hifadhini imekuwa ikikauka katika kiangazi. Viboko husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia, na mto ambao ramani inauonyesha kwa mstari wa buluu hugeuka kuwa mchanga na mawe.

Sababu kubwa iko juu, Usangu, nayo ni mpunga. Shamba la serikali la Mbarali lilianzishwa katika miaka ya 1970, la Kapunga likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuyazunguka wakaongezeka wakulima wadogo kwa maelfu, hata eneo la majaruba likafika kiasi cha hekta 40,000 katika miaka yenye mvua nzuri. Tusiwatazame wakulima hawa kama waharibifu. Mchele tunaoununua sokoni kwa jina la mchele wa Mbeya, tukaupikia pilau siku ya Idi, sehemu yake ni jasho lao. Kila mmoja wetu anayesoma ukurasa huu ana sehemu katika kukauka kwa mto ule, japo hajapata kuuona.

Serikali haikunyamaza. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi hadharani kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao wakaondolewa Usangu kwa hoja kwamba mifugo ndiyo inayoharibu ardhioevu, na mwaka 2008 eneo kubwa la uwanda likaunganishwa na hifadhi. Ng'ombe waliondoka, mwaka 2010 ukaja ukapita, na mto ukaendelea kukauka.

Lakini kuna jaribio la mapema zaidi ambalo linatuhusu sana leo. Kuanzia mwaka 1996, kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, mabanio ya asili katika bonde hili yalianza kubadilishwa na kujengwa upya kwa zege na malango ya chuma. Banio la asili lilikuwa la mawe, magogo na majani. Lilivuja, mafuriko yalilibomoa, na wakulima walilirudishia kila mwaka kwa kazi ngumu. Mafundi waliona uvujaji ule ni hasara, wakasema banio la kisasa litaongeza ufanisi, na maji yatakayobaki yataachwa yaende chini. Watafiti waliochunguza baadaye walikuta kinyume chake. Maji yaliyokuwa yakivuja kwenye mawe na magogo ndiyo yaliyokuwa yakimfikia jirani wa chini. Banio la zege lilimpa aliye juu uwezo wa kuuziba mto wote wakati wa kiangazi kwa kuzungusha gurudumu la lango. Ufundi uliongezeka, naye aliye chini akapungukiwa.

Tumelitanguliza hilo kwa makusudi, kabla ya kuvisifu vyombo vipya.

Katika chombo kimoja kati ya hivyo tuna mfano wa karibu. Wanasayansi wa shirika la utafiti la serikali ya Australia, CSIRO, walibuni kihisi walichokiita kinyonga kwa lugha yao, kwa sababu hubadili rangi. Vihisi huzikwa katika vina mbalimbali vya udongo, kimoja juu, vingine chini zaidi kufuata mizizi, na waya zake huunganishwa na kisanduku kidogo chenye taa. Taa ya buluu maana yake udongo wa kina hicho umelowa. Kijani, una unyevu wa kutosha. Nyekundu, umekauka na mmea unataabika. Hekima yake ni kwamba hakimwambii mkulima udongo una lita ngapi za maji, jambo ambalo lingemtaka ajue aina ya udongo wake na kupiga hesabu. Kinamwambia mzizi unapata tabu kiasi gani kuyavuta maji hayo. Asiyejua kusoma anaelewa rangi, na anayetaka hutuma vipimo kwa mtandao wa simu, vikahifadhiwa na kulinganishwa msimu kwa msimu.

Kuanzia mwaka 2013 mradi uliofadhiliwa na Australia ulivipeleka vyombo hivi kwa wakulima wadogo wa Msumbiji, Zimbabwe na Tanzania. Kwetu vilifika mkoani Iringa, katika skimu za Kiwere na Magozi, zilizoko kwenye Ruaha Mdogo, mto unaomwaga maji yake katika Ruaha Mkuu. Kiwere hulima nyanya, vitunguu na mahindi ya kuchoma, na huko ndiko chombo kilikofaa zaidi, kwa kuwa majaruba ya mpunga yaliyojaa maji hayahitaji kihisi cha kuyaambia kwamba yamelowa.

Yaliyoonekana katika nchi hizo yalifanana. Wakulima wengi walikuwa wakimwagilia kupita kiasi. Hawakufanya hivyo kwa uvivu wala ujinga. Mtu ambaye zamu yake huja mara moja kwa wiki, na hana hakika kama wiki ijayo maji yatafika, huyachukua yote yanayopatikana leo. Taa ya buluu ilipowaonyesha kwamba chini bado kumelowa, walianza kuruka zamu. Ikadhihirika pia kwamba maji yaliyozidi yalikuwa yakiisukuma mbolea ya naitrojeni chini, mahali ambapo mizizi haifiki, hivyo mkulima alikuwa akinunua mbolea na kuifukia. Walipopunguza maji, mavuno yaliongezeka, saa za kukesha mferejini zikapungua, na waliokuwa mwishoni mwa mfereji wakaanza kufikiwa. Watafiti waliripoti hata kupungua kwa ugomvi. Anayezijua skimu zetu, na majembe yanayonyanyuliwa usiku wa zamu, atajua kwamba hilo si dogo.

Kwa mpunga, njia yenye manufaa ni ile ambayo maofisa ugani wetu huiita kilimo shadidi, ambamo jaruba halifurikishwi msimu mzima bali huachwa likauke kidogo kisha likaloweshwa tena. Kipimo chake kinaweza kuwa bomba tu lenye matundu, lililozikwa jarubani: maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo mkulima hufungulia. Tunalitaja ili asidhani mtu kwamba kila busara ni lazima iwe na betri.

Sasa turudi kwenye ahadi. Mkulima ameokoa maji. Je, maji hayo yameenda wapi?

Hapa pana fumbo ambalo wataalamu wameliandikia sana. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwaka 2017 tathmini ya nchi nyingi, na mwaka 2018 kundi la watafiti likachapisha katika jarida la Science makala juu ya jambo hilohilo. Kwa ufupi, teknolojia ya kumwagilia kwa ufanisi, inapokuja peke yake, mara nyingi haipunguzi maji yanayotumika katika bonde zima la mto, na pengine huyaongeza.

Mfikirie mama mwenye mtungi unaovuja. Maji yanayovuja hutiririka hadi kwenye mchicha wa jirani. Siku mtungi ukizibwa, mwenye mtungi ataona ameokoa maji, na kwa hesabu ya nyumba yake ni kweli. Lakini mchicha wa jirani utanyauka, kwa sababu yale hayakuwa yamepotea, yalikuwa na mwenyewe. Ndivyo lilivyo shamba. Sehemu ya maji yanayozidi hupenya ardhini au hurudi mferejini, na aghalabu mwingine huyatumia. Maji yanayoondoka kabisa katika bonde ni yale yanayopanda hewani kupitia majani na uso wa udongo. Basi mkulima aliyeokoa nusu ya maji yake, kisha akaitumia nusu hiyo kupanua shamba au kulima msimu wa pili, ameongeza majani yanayopumua, na maji yanayopanda hewani yameongezeka. Mto haukupata kitu.

Saudi Arabia iliyapitia haya kwa ukubwa wa kutisha. Katika miaka ya 1980 ilimwagilia jangwa kwa mitambo ya kisasa inayozunguka kwa duara, ikafika mahali pa kuuza ngano nje. Maji yalitoka katika matabaka ya chini ya ardhi yaliyojaa maelfu ya miaka iliyopita na yasiyojazwa tena na mvua. Mwaka 2008 serikali yake iliamua kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani hatua kwa hatua hadi mwaka 2016. Baadhi ya wakulima wakahamia kwenye majani ya mifugo, ambayo yanakunywa maji mengi zaidi ya ngano. Mitambo ile haikuwa na kosa lolote la kiufundi.

Na Afrika Mashariki tuna pampu za nguvu za jua, zinazolipwa kidogo kidogo kwa simu. Ni neema kwa aliyekuwa akinyweshea kwa ndoo. Ila zamani bei ya mafuta ilimlazimisha mtu kuzima pampu. Jua halidai bei.

Wasomaji wetu wengi, wakisikia israfu ya maji, hukumbuka hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.) kuhusu kutawadha, aliyoipokea Ibn Majah. Wanazuoni wameusema udhaifu wa sanadi yake, ingawa maana yake haipingwi. Sisi tunaona kwamba katika suala la mashamba iko hadithi yenye nguvu zaidi na isiyotajwa sana mimbarini, nayo imo katika Bukhari: kisa cha Zubayr bin al-Awwam (r.a.) na mtu mmoja wa Ansari, waliogombania mfereji wa al-Harra uliokuwa ukinywesha mitende yao. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Zubayr, ambaye alikuwa juu, anyweshe kisha amwachilie jirani yake. Yule Ansari alipokasirika na kudai kwamba hukumu imefuata udugu, Mtume (s.a.w.) alimpa Zubayr haki yake kamili, azuie maji hadi yafike kwenye kingo za shamba. Watu walikipima kina hicho, wakakikuta ni cha vifundo vya miguu. Na katika hukumu ya mabonde ya Mahzur na Mudhaynib, iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, imethibiti vivyo hivyo: aliye juu hushika maji hadi vifundoni, kisha huyaachilia kwa aliye chini.

Tuitazame hukumu hiyo kwa makini. Kwanza, aliye juu ametangulizwa. Wakulima wa Usangu hawakumnyang'anya mtu kwa kunywesha kwanza. Pili, haki yake ina kipimo, na kipimo kimefungwa kwenye haja ya mmea, si kwenye nguvu ya mwenye shamba. Tatu, kipimo kikitimia, kuachilia ni wajibu, wala si hisani. Kihisi cha kinyonga ni kifundo cha mguu cha zama zetu, tena kilichosahihishwa: kinatuambia haja ya mmea ni ndogo kuliko tulivyodhani. Kinaitekeleza nusu ya kwanza ya hukumu kwa usahihi ambao wazee wetu hawakuwa nao. Nusu ya pili, ile ya kuachilia, haimo ndani ya kisanduku kile.

Je, maji yaliyookolewa ni ya nani? Suali hili si jepesi. Mkulima atasema: nimenunua chombo, nimejinyima mazoea yangu, nina watoto sita na nusu eka, na maji haya nimeyaokoa kwa juhudi yangu, kwa nini nisiongeze nusu eka nyingine? Hatuwezi kumjibu kwa kumkemea. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza maji yaliyozidi, kama alivyopokea Muslim, na tunafahamu kutokana na hayo kwamba ziada ya maji haimfuati mtu kama inavyomfuata ziada ya nafaka ghalani. Rai yetu ni kwamba haja ikishaonekana kuwa ndogo, kinachobaki ni cha anayefuata mfereji, kisha anayefuata mto. Na kwa kuwa manufaa yake yanamfikia mwenye umeme mjini na mwenye hoteli hifadhini, ni uadilifu hao nao wachangie gharama za yule aliyeachilia. Kumtaka fukara wa Mbarali peke yake aufufue mto kwa ajili ya wote ni dhulma nyingine.

Namna ya kulifanya hilo ndugu zetu wa Oman, ambao pwani yetu ina udugu nao wa karne nyingi, wanaijua vizuri. Mifereji yao iitwayo aflaj, ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, na kiasi cha 3,000 bado inafanya kazi, hugawa maji kwa muda. Kila familia ina fungu lake la saa au nusu saa katika mzunguko wa siku kadhaa, na msikiti nao una fungu la wakfu ambalo hukodishwa kwa mnada. Mchana walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Zilipokuja saa za mkononi, wengi walikiacha kijiti. Mafungu yalibaki yaleyale. Mwenye falaji akinunua kihisi leo akagundua anamwagilia mno, hawezi kuuzidisha mgawo wake kwa sababu hiyo, maana mgawo uliandikwa kabla ya chombo kuja.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inao msingi wa namna hiyo. Inadai kibali kwa achukuaye maji, inatambua jumuiya za watumia maji, na inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuutunza mto wenyewe, kabla ya matumizi mengine. Ugumu uko katika kipimo. Kibali huandikwa kwa lita kwa sekunde, na mto haupungui kwa kufuata karatasi. Lita ambazo wakati wa masika ni sehemu ndogo ya mto, mwezi wa Oktoba zinaweza kuwa mto mzima. Aliyelipia kibali chake hujiona ana haki nazo zote.

Hapo ndipo teknolojia ya kidijitali ingefaa zaidi kuliko mahali inakoelekezwa sasa. Shirika la Chakula na Kilimo limeweka wazi tangu mwaka 2017 hifadhi ya takwimu za setelaiti iitwayo WaPOR, ihusuyo Afrika na Mashariki ya Karibu, ambayo hukadiria maji yanayopanda hewani kutoka mashambani. Haitozwi kitu. Kwayo bodi ya bonde inaweza kuona, msimu hadi msimu, kama eneo la kijani limepanuka kinyemela baada ya vihisi kugawiwa. Na kipimo cha kina cha maji kwenye banio, kinachotuma taarifa kwa simu za wajumbe wote wa jumuiya, wa juu na wa chini kwa pamoja, kingemaliza maneno mengi ya nani kafungua lango usiku. Sharti letu ni moja: takwimu hizo wazione wakulima wenyewe. Zikibaki ofisini zitakuwa fimbo.

Kwa hiyo skimu inapozinduliwa karibu nasi, tuulize kibali chake kinaruhusu kiasi gani wakati wa kiangazi, nani anakisoma kipimo, na eneo la shamba limewekewa mpaka wapi. Idadi ya vihisi ije baadaye.

Tumalizie na jambo lililoonekana na watafiti wa Usangu zaidi ya miaka 20 iliyopita, ambalo kina mama watalifahamu upesi. Sehemu ya maji yaliyokuwa yakichepushwa katika kiangazi hayakuwa ya kumwagilia chochote. Mifereji iliachwa wazi ili vijiji vipate maji ya kunywa, kupikia na kufulia, na ili ndoo chache zijazwe mwisho wa mfereji, mkondo mzima ulilazimika kusafiri kilomita nyingi juu ya udongo mkavu, ukinywewa na ardhi na jua. Kijiji kikichimbiwa kisima chenye pampu, lango la banio linaweza kufungwa kuanzia mavuno ya mpunga hadi mvua mpya, na hakuna mtoto atakayelala na kiu.